Caprilli, Aliyempa Farasi Uhuru wa Kuruka

Farasi akiruka kizuizi leo, iwe uwanjani au nyikani, mpandaji huinuka kidogo juu ya tandiko, akainama mbele, mikono yake ikafuata shingo ya mnyama. Aonaye hudhani ndivyo watu walivyopanda tangu kale. Sivyo. Mkao huo waliurithi kwa Federico Caprilli, afisa wa jeshi la wapanda farasi la Italia, aliyezaliwa 1868 katika mji wa bandari wa Livorno.

Zama hizo askari wa Ulaya walifundishwa kinyume chake. Farasi aliporuka, mpandaji alijitupa nyuma, miguu ameinyoosha mbele katika vikuku virefu, hatamu amezikaza. Ati alikuwa akiipunguzia mzigo miguu ya mbele, isiumie wakati wa kutua. Kumbe mnyama maskini alikuwa akiumizwa kinywa kwa lijamu na kupigwa mgongo kwa uzito wa bwana wake, hata mwisho akawa anakiogopa kila kizuizi.

Caprilli aliwatazama farasi walioruka bila ya mtu. Akaona kuwa hutua kwa miguu ya mbele vilevile, shingo wameinyoosha, na hawadhuriki. Basi akafupisha vikuku, akawataka wanafunzi wake waende na farasi, wasishindane naye. (Sisi wa mwambao tuliopanda punda utotoni twajua: ukimvuta kamba akiwa mbioni, mwaanguka nyote.) Hakutaka madaha ya shule za kale, farasi kuchezeshwa hatua kama bibi harusi. Farasi wa vita, alishika yeye, ajifunze mitaroni na milimani.

Wakubwa wengi hawakumwelewa. Kumwambia mzee wa miaka thelathini jeshini kwamba hajui kukaa juu ya farasi si jambo dogo. Mwaka 1901 alitoa makala akieleza kanuni zake, na mwaka 1902, mjini Turin, akampanda farasi aitwaye Melopo na kuruka kimo cha mita 2.08. Hapo ubishi ulianza kupoa. Shule za Pinerolo na Tor di Quinto, karibu na Roma, zikawa zafundisha kwa njia yake, na huko Tor di Quinto wanafunzi waliteremka genge lililosimama kama ukuta, miili yao imeelekea mbele.

Ajabu ya kadari, hakufa katika kuruka. Tarehe 6 Desemba 1907, huko huko Turin, alikuwa juu ya farasi aliyekwenda mwendo wa kawaida tu. Akaanguka, akaumia kichwa, akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Hakuacha kitabu kamili, ila makala na maandishi machache. Lakini maafisa wa kigeni walikuwa wakija Pinerolo kusoma. Mmoja wao, Mrusi Paul Rodzianko, baadaye alikwenda kuwafundisha wanajeshi wa Ireland kuruka, kuanzia 1928.