Seyyid Said na Hilal: Mtawala na Mwanawe

Wanafunzi wa Kiswahili aghalabu humfahamu Seyyid Said bin Sultan kupitia Mombasa, mji ambao Muyaka bin Haji aliutungia mashairi ya kuutetea dhidi yake, na ambao Said aliutwaa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837. Huyo ni Said wa vita na merikebu. Yupo Said mwingine, Said mzazi, ambaye hatajwi sana madarasani. Bila ya kumjua huyo, ni vigumu kueleza kwa nini dola aliyoijenga kwa nusu karne iligawanyika miaka mitano tu baada ya kifo chake.

Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Alishika utawala mwaka 1806, baada ya jamaa yake, Badr bin Seif, kuuawa kwa mkono wake na wa watu wake. Hivyo basi, alijua tangu ujanani kwamba adui wa mtawala huweza kuwa wa damu yake. Alipohamia Unguja alikaa Mtoni, akahimiza kilimo cha mikarafuu Unguja na Pemba, na biashara ikastawi.

Hilal alikuwa mwanawe mkubwa. Mwaka 1844 Said aliiarifu serikali ya Uingereza kwa barua kwamba Khalid angerithi milki za Afrika, naye Thuwaini angerithi Oman. Hilal hakutajwa. Mwaka uliofuata Hilal alisafiri hadi London kujitetea, na ugomvi wa nyumbani ukageuka kuwa shauri la mataifa. Waingereza walimkirimu, ila hawakumpa kiti. Walimtaka apatane na babake. Alirejea wakapatana, lakini mapatano hayo hayakudumu. Hilal alifariki Aden mwaka 1851, mbali na kwao.

Dada yake, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anautaja ulevi wa Hilal kuwa chanzo cha mfarakano, na anasimulia jinsi babake alivyomlilia mwana huyo. Salme alizaliwa mwaka 1844. Kwa hiyo mengi katika hayo aliyapokea kwa watu wa nyumbani. Hata hivyo, ushahidi wake unatuzuia kumwona Said kama baba asiye na moyo. Alimpenda mwanawe, na bado akamnyima urithi.

Desturi ya Oman haikumpa mwana mkubwa haki ya moja kwa moja ya kutawala. Said alijaribu kulitatua jambo hilo kwa barua, nayo barua haikutosha. Khalid alifariki mwaka 1854, na Said mwenyewe akafia baharini mwaka 1856, akitoka Oman kuelekea Unguja. Majid akashika Unguja, Thuwaini akadai vyote, na mwaka 1859 Barghash akaasi. Mwaka 1861 Waingereza waliitenganisha Unguja na Oman, Unguja ikatakiwa kuilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa huko Sohar na mwanawe, Salim.

Wanahistoria huyaeleza haya kwa nguvu za Uingereza, na hawakosei. Lakini mlango ambao Waingereza waliupitia ulifunguliwa kwanza na Said alipowaandikia juu ya wanawe, kisha na Hilal alipowaendea kumshitaki babake.