Susan Isaacs, Mshauri wa Wazazi

Susan Fairhurst alizaliwa tarehe 24 Mei 1885 karibu na Bolton, mji wa viwanda vya pamba upande wa kaskazini wa Uingereza. Alikuwa mtoto wa tisa. Baba yake alikuwa mwandishi wa gazeti, tena mhubiri wa Wametodisti. Susan alipokuwa na miaka sita, mama yake alifariki, na baba akaoa mke mwingine.

Alipopata miaka 15, binti huyo alijulisha nyumbani kwamba imani ya wazazi haimo tena moyoni mwake. Baba alikasirika sana, akamtoa shuleni. Dawa hiyo haikuponya kitu: binti hakurudi katika imani, na baba alipoteza mazungumzo ya mwanawe. Miaka ikapita ndipo alipopata ruhusa ya kwenda Manchester kusomea ualimu wa watoto wadogo. Walimu wakaona akili zake, wakamwingiza katika masomo ya filosofia, akafaulu vizuri kabisa mwaka 1912. Baadaye alijitia katika saikolojia, yaani elimu ya nafsi, akaolewa na Nathan Isaacs.

Mwaka 1924 Geoffrey Pyke, aliyekuwa na mali wakati ule, alifungua shule ndogo mjini Cambridge kwa ajili ya mwanawe na wenzake, akamweka Susan kuwa mkuu wake. Walianza wavulana kumi. Mdogo wao hajatimiza miaka mitatu, mkubwa hajafika mitano. Walikuwa na bustani, wanyama na vyombo vya kazi halisi. Watu wengi walisema kwamba watoto wale wanaachiwa mno, na pengine hawakukosa kabisa. Lakini Susan hakukaa bure: kila waliyoyasema na kuyatenda yaliandikwa.

Siku moja, mwezi wa Julai 1925, sungura wao alikutwa amekufa. Mtoto mmoja alisema kwamba akitiwa majini atafufuka. Susan hakumcheka wala hakumkemea. Sungura akatiwa majini. Maji yakamzungusha, na wengine wakadhani yu hai. Basi Susan akatia kijiti, nacho kikazunguka vilevile, wakakubali kwamba kijiti si kitu chenye uhai. Wakamzika sungura. Kesho yake wawili walisema ameshapaa mbinguni. Wakachimba kidogo, wakachoka. Susan akachimba pamoja nao mpaka wakamwona palepale walipomlaza.

Aliiacha shule hiyo mwaka 1927, na maandiko yale ya kila siku yakazaa vitabu viwili, mwaka 1930 na 1933. Lakini wazazi wengi hawakumjua kwa vitabu hivyo. Tangu 1929 hata 1936, kwa jina la Ursula Wise, alijibu barua za akina mama na yaya katika gazeti la Nursery World. Waliuliza juu ya mtoto anyonyaye kidole, mtoto mwenye hasira, mtoto amchukiaye mdogo wake aliyezaliwa juzi. Hakuwapendekezea kiboko, wala hakuwaambia wamwachie mtoto atawale nyumba. Aliwaeleza kwanza mtoto anaogopa nini au anatafuta nini, ndipo akatoa shauri. Yeye mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto.

Mwaka 1933 alikabidhiwa idara mpya ya makuzi ya mtoto katika chuo cha elimu cha London, akafundisha walimu wengi. Mwaka 1935 akashikwa na kansa, lakini hakuacha kazi.

Vita ilipoanza, Septemba 1939, serikali iliwahamisha watoto wa miji mikubwa wasije wakauawa na mabomu. Watoto wa Tottenham na Islington, mitaa ya London, walipelekwa Cambridge kukaa katika nyumba za watu wasiowajua. Wengi wakarudi kwao, ijapokuwa vita haijaisha. Susan na wenzake wakawaomba watoto waandike wanapenda nini Cambridge na wanakosa nini. Waliokosa baba, mama na ndugu walikuwa wengi. Kitabu cha uchunguzi huo, kilichotoka 1941, kilisema wazi kwamba mpango wa serikali ulisahau vifungo vya jamaa. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, wazazi wapate njia ya kuwatembelea.

Susan Isaacs alifariki tarehe 12 Oktoba 1948, mwenye miaka 63.