Denys Finch Hatton: Rubani aliyefia Voi akiwatafuta ndovu kutoka angani

Ndege itokayo London leo huvuka takriban kilomita 6,800 na kutua Nairobi baada ya muda wa saa tisa hivi. Mwaka 1911, Denys Finch Hatton alipofika Afrika Mashariki, safari hiyo ilikuwa ya majuma kadhaa melini hadi Mombasa, kisha garimoshi kupitia Voi. Miaka 20 baadaye, mji huo huo wa Voi ndio uliokuwa mwisho wa maisha yake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1887 katika ukoo wa kitajiri wa Winchilsea, akasoma Eton na Chuo Kikuu cha Oxford. Alinunua ardhi karibu na Eldoret, lakini hakuwa mtu wa jembe. Alipendelea biashara na uwindaji. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alipigana Afrika Mashariki na kutunukiwa nishani ya Military Cross. Mwaka 1918 alikutana na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong, na nyumba hiyo ikawa kituo chake baina ya safari.

Mwindaji huyu aliyemwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza mwaka 1928 na 1930 ndiye pia aliyewakemea hadharani watalii waliokuwa wakiwapiga simba risasi wakiwa ndani ya magari huko Serengeti.

Mwaka 1930 alileta kwa meli ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye viti viwili. Nyika za Voi, chini ya milima ya Taita iliyo na vijiji kama Mghange, zilikuwa na vichaka vizito vilivyowaficha ndovu. Finch Hatton aliamini kwamba kwa ndege mwindaji angeyaona makundi kwa saa chache badala ya kuyafuata kwa miguu siku nyingi.

Mnamo Mei 14, 1931, aliruka kutoka Voi kuelekea Nairobi, umbali wa kilomita 300 hivi angani. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka na kuteketea. Alikuwa na umri wa miaka 44. Pamoja naye alikufa Kamau, mtumishi wake Mkikuyu.

Finch Hatton alizikwa vilimani Ngong, ambako nduguye alijenga mnara. Kitabu cha Blixen cha mwaka 1937 na filamu ya 1985 vilimpa umaarufu wa dunia nzima. Kamau, aliyelipa gharama ile ile, hutajwa kwa nadra.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika nyika hizo. Huko ndege ndogo huruka kuwahesabu ndovu na kuwasaka majangili. Mbinu aliyoibuni kwa faida ya mwindaji imekuwa ngao ya mnyama.