MAISHA YA SAYYID BARGHASH, SULTANI WA UNGUJA



Hapa Mangobo sisi wote tumesikia jina la Tippu Tip, aliyekaa karibu na maporomoko ya Wagenia. Lakini sultani wake, wachache tu wanamujua. Basi mara hii tunaandika juu ya Sayyid Barghash, kwa sababu maisha yake yanatuonyesha matunda ya magomvi ya ndugu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Unguja, na alikuwa na watoto wengi kwa mama mbalimbali. Mutoto mumoja, Thuwaini, alisimamia Oman. Mwingine, Majid, alisimamia Unguja. Mwezi wa 10 mwaka 1856 muzee akafa baharini, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwa naye ndani ya merikebu. Walipofika, akashusha maiti usiku kwa siri, ikazikwa, na yeye akajaribu kukamata utawala mbele watu hawajajua habari. Hakuweza. Kiti kikaenda kwa Majid.

Moyo wake haukutulia hata kidogo. Mwaka 1859 akapatana na Waarabu wa ukoo wa Harthi ili wamuondoe Majid. Dada zake wawili, Khole na Salme, wakawa upande wake. Salme alikuwa kijana wa miaka 15 hivi, lakini alijua kuandika, basi yeye ndiye aliyeandika barua za siri. Askari wa Majid walipozunguka nyumba ya Barghash, dada wale wakamutoa inje amevaa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseilles. Majid akaomba musaada kwa konsuli wa Uingereza. Waingereza wakaleta mizinga na askari wa baharini, na mambo yakaisha pale. Barghash akafukuzwa mupaka Bombay, Uhindi.

Tuangalie vizuri: Majid alishinda, lakini kwa mukono wa mugeni. Na ugomvi wake na Thuwaini vilevile ukakatwa na Muingereza. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana wa Uhindi, akaamua Oman na Unguja ziachane, na Unguja ilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Mali ya baba ikapasuka vipande viwili.

Barghash alirudi Unguja, akakaa kimya. Majid akafa mwaka 1870 bila mutoto mwanamume, na sasa Barghash akapata kile kiti. Alifanya mambo mazuri: alileta maji safi mujini kwa mabomba, akajenga jumba kubwa la Beit al-Ajaib. Lakini ile mizinga iliyomupiga zamani sasa ilikuwa juu ya kichwa chake. Mwaka 1873 Waingereza walimutisha kwamba watafunga bahari yake, akatia sahihi, soko la watumwa likafungwa. Kwa watumwa ilikuwa heri. Kwa yeye ilikuwa alama kwamba si yeye anayeamuru.

Na dada Salme je? Alikuwa amepatana na Majid, kisha akabatizwa kule Aden mwaka 1867, akaolewa na Mujerumani. Mwaka 1885 alikuja Unguja kuona jamaa. Barghash akakataa kumupokea, yeye aliyemuokoa siku ile.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakagawana inchi za bara, wakamuachia visiwa na ukanda mwembamba wa pwani. Tippu Tip alipofika Unguja kutafuta nguvu, akakuta sultani wake hana tena nguvu ya kumupa. Ndiyo maana mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa mufalme Leopold hapa kwetu kwenye maporomoko. Barghash akafa mwezi wa 3 mwaka 1888.

Ugomvi haukufa naye. Mwezi wa 8 mwaka 1896 mutoto wake Khalid akakamata jumba la kifalme kwa nguvu. Merikebu za Waingereza zikapiga dakika 40 hivi, mamia ya watu wakafa ao kuumia, na Khalid akakimbia.

Wandugu, katika jamaa zetu pia watu wanagombania nyumba na mashamba wakati baba hajazikwa. Mwenye kumuita mugeni apige ndugu yake, ajue kwamba mugeni yule atakaa ndani ya nyumba.