Annalena Tonelli: Unyenyekevu Katika Nchi ya Uhasama

Katika mafundisho ya Kikristo, kiburi huhesabiwa kuwa shina la dhambi nyingine. Mwenye kiburi hujiona bora kuliko jirani yake, na akishamdharau, si vigumu kumfanya adui. Kwa hiyo kiburi na uhasama ni mapacha. Maisha ya Annalena Tonelli yanastahili kutazamwa kwa jicho hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha hayo aliyatumia mahali ambapo dharau ya wenye mamlaka, ugomvi wa koo na kutoaminiana kwa watu wa dini mbalimbali vilikuwa vimekita mizizi.

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 mjini Forlì, Italia. Alisomea sheria, lakini hakuwa na hamu ya kazi ya mahakamani. Kwa miaka kadhaa aliwahudumia maskini wa mji wake, kisha mwaka 1969 akaja Kenya. Alianza kwa kufundisha shule ya sekondari katika eneo la kati la nchi, baadaye akahamia Wajir.

Anayesafiri kutoka Garissa kwenda Wajir hupita Habaswein, karibu na kinamasi cha Lorian, katika nchi ya wafugaji Wasomali wanaohamahama na ngamia wao. Annalena alipofika huko, jeraha la vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 lilikuwa bado bichi. Eneo zima lilitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Serikali iliwashuku wenyeji, nao wenyeji waliwashuku wageni. Yeye alikuwa mwanamke, mzungu, Mkristo, tena hakuolewa. Kwa mila za pale, kila moja kati ya sifa hizo ilitosha kumfanya atengwe.

Hakuwa mtawa wala hakuajiriwa na shirika lolote la kimisheni. Aliishi kwa michango ya marafiki, akavaa na kula kama maskini aliowahudumia. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa kutenda wema nako huweza kuzaa kiburi cha aina yake: mtoaji hujiweka juu na mpokeaji akawekwa chini. Annalena alikifungia kiburi hicho mlango kwa kukataa cheo, mshahara na sifa. Mwaka 2001, alipotoa ushuhuda wake huko Vatikani, alijieleza kuwa mtu asiye kitu.

Unyenyekevu huo ulijidhihirisha pia katika namna alivyofanya kazi. Wakati huo tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mzima au zaidi. Mfugaji hakuweza kuiacha mifugo yake muda wote huo, hivyo wengi walikatiza dawa, na ugonjwa ukawarudia. Ilikuwa rahisi kumlaumu mfugaji kwa ujinga au ukaidi. Kuanzia mwaka 1976, katika mradi wa majaribio ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, Annalena alifuata njia nyingine. Wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo alichowahudumia watu wenye ulemavu, wakaishi kama walivyozoea, wakameza dawa mbele ya mhudumu kila siku kwa miezi 6. Badala ya kumlazimisha mfugaji aifuate hospitali, tiba ndiyo iliyofuata maisha yake. Baadaye utaratibu wa kusimamia umezaji wa dawa ulienea katika nchi nyingi.

Mtihani mkubwa ulimfika Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiliwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Serikali ilitaja vifo 57, ilhali Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kuwa idadi ilikaribia 1,000. Annalena na wenzake waliwatafuta manusura nyikani, wakawatibu, wakazika maiti, na habari za mauaji hayo zikafika nje ya nchi. Hapa inadhihirika kwamba unyenyekevu si unyonge. Asiyejitetea mwenyewe alithubutu kuwatetea wengine. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya.

Alihamia Somalia, akahudumu Beledweyne, Mogadishu na Merca, katikati ya vita na njaa. Oktoba 1995, daktari Graziella Fumagalli, aliyeshika nafasi yake Merca, aliuawa. Hata hivyo, Annalena hakurudi kwao. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa Borama, alikojenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya viziwi na kupinga ukeketaji. Wapo waliomchukia na kumrushia mawe, wakidai kwamba alikuwa akileta maradhi mjini. Hakulipiza. Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi na kuuawa katika eneo la hospitali yake.

Huenda msomaji akasema kwamba uhasama ulishinda. Historia ya eneo hilo haijibu kwa wepesi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwatenga Wakristo na Waislamu. Desemba mwaka huohuo, karibu na El Wak, abiria Waislamu katika basi walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, na mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alifariki baadaye kwa jeraha la risasi. Mwalimu huyo na Annalena walitofautiana kwa dini, lugha na nchi, lakini wote wawili walikataa kumwona jirani kuwa adui. Kiburi hudai kwamba upendo ni mali ya kundi moja tu. Maisha ya wawili hawa yanakanusha dai hilo.