Mitsuteru Yokoyama na Jitu Lake la Chuma

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike juu ya aushi ya mtu mashuhuri aliyefariki kitambo, wenzangu wa kidato cha tatu waligawana majina kama watu wanaogawana nyama ya sikukuu. Huyu alinyakua Shaaban Robert, yule Muindi Mbingu, wa tatu akamkumbatia Kivoi wa Mwendwa. Syokimau aligombewa na wasichana wawili nusura wazabane. Mimi nilipotaja Mitsuteru Yokoyama, darasa zima liliangua kicheko. Kuna aliyeuliza kama hiyo ni aina mpya ya pikipiki.

Basi cheka nawe, mpenzi msomaji, ukishamaliza unitegee sikio.

Sisi wa Kitui na Makueni si wageni wa Wajapani. Achilia mbali matatu zao zinazotutimulia vumbi. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa shirika lao la JICA walifanya kazi hapa Kitui pamoja na watafiti wetu wa misitu wa KEFRI, wakitafuta miti inayoweza kuvumilia jua letu. Ule mukau wenye mbao nzuri, ambao wazee wetu waliukata bila kuupanda, ulichaguliwa mti kwa mti, ukapandwa katika mashamba maalumu ya mbegu huku Kitui na kule Kibwezi. Kwa hivyo mtu wa kwetu akisikia Mjapani hushtuki kumwona akifikiria mche. Mimi hufikiria roboti.

Mambo yalianza likizo moja ya Agosti. Nilivuka mto Athi kwenda kwa mjomba wangu Kibwezi, nikamkuta binamu yangu amefungua kibanda cha kuonyesha video. Siku hiyo alikuwa anaonyesha anime, yaani katuni za Kijapani. Alikuwako kijana wa miaka 15 aitwaye Amuro, ambaye anakimbia vita vimepamba moto, anajikuta mbele ya roboti lenye urefu wa mita 18 ambalo babake mwenyewe ndiye aliyeliunda, anapanda kifuani mwake na kuliendesha. Hajafunzwa. Ana kitabu cha maelezo tu mkononi! Hiyo ilikuwa Gundam, iliyoonyeshwa kwanza Japani mwaka 1979. Nilikaa kibandani hadi giza likaingia na mjomba akatuma mtoto kuniita.

Susu, nyanya yangu, alikuwa amekuja naye kutembea. Alichungulia kidogo, akatikisa kichwa, akasema Syokimau alimwona nyoka wa chuma akipita nchini, na bila shaka hili ni jukuu la yule nyoka, limejifunza kusimama. Watu walicheka, lakini susu hakuwa anatania. Reli imekatiza Makueni tangu mwisho wa karne ya 19, na mwaka 2017 ikaja nyingine, basi kwake chuma kinachotembea si hadithi ya watoto.

Nikamwuliza binamu ni nani aliyeanzisha mambo haya ya mtoto na jitu la chuma. Hakujua. Nilianza kuchimba, na nikikwama nilimsumbua mwalimu wa maktaba, hata nikafika kwa Yokoyama.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1934 katika mji wa Kobe, bandari kubwa ya Japani. Utoto wake ulikuwa wa vita. Watoto wengi wa mijini walipohamishiwa mashambani ili wasiuawe na mabomu, yeye alipelekwa mkoa wa Tottori, upande wa pili wa milima. Huko nyuma, tarehe 17 Machi na tarehe 5 Juni 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 ziliumwagia mji wa Kobe mabomu ya moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Watu waliokufa ni maelfu.

Vita vilipokwisha mvulana alirudi nyumbani. Alikuwa na miaka 11. Mji aliouacha haukuwako, palikuwa na jivu. Ukubwani alieleza kwamba alishangazwa mno na nguvu za mashine zile, kwamba ndege inaweza kupita juu na kuufuta mji mzima. Nimejaribu kujiweka mahali pake. Nimewaza natoka likizo Kibwezi, basi linavuka Athi, linapita Ikutha na Mutomo, halafu nafika Kitui mjini sioni soko, sioni stendi, sioni chochote. Siwezi. Akili inagoma.

Alikua, akasoma hadi akamaliza shule ya upili papo hapo Kobe. Ni wakati wa shule ambapo kilimwangukia mkononi kitabu cha katuni kiitwacho Metropolis, cha Osamu Tezuka, kilichotoka mwaka 1949. Tezuka ndiye mkubwa wao wote katika katuni za Kijapani, ukipenda mwite Shaaban Robert wa fani hiyo. Yokoyama akaona kwamba katuni inaweza kubeba hadithi ndefu na nzito. Akaanza kuchora.

Lakini mzazi gani hutaka mtoto mchoraji? Alipomaliza shule aliajiriwa benki. Kazi ya benki, jamani! Huku kwetu mtoto akipata kazi ya benki mbuzi anachinjwa. Yeye aliifanya miezi michache tu, akaona haimpi nafasi ya kuchora, akaiacha. Akaenda kampuni ya filamu katika idara ya matangazo, na usiku akawa anachora. Mwaka 1955 kitabu chake cha kwanza kikachapishwa. (Mama yangu akisoma gazeti hili, naomba asidhani ninamwandaa kwa habari yoyote.)

Mwaka uliofuata ndipo nyota yake ilipong'aa. Katika gazeti la wavulana lililoitwa Shonen, ambamo Tezuka alikuwa tayari anatoa hadithi za roboti wake mdogo Atom, Yokoyama alianza hadithi ya Tetsujin 28. Tetsujin maana yake ni mtu wa chuma. Kijana wa miaka 22 akawekwa kurasa chache tu kutoka kwa mwalimu wake, na wasomaji wakawapenda wote wawili. Hadithi hiyo iliendelea tangu 1956 hadi 1966.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako kidogo.

Tetsujin 28 si mwanasesere mwema aliyeundwa kuwafurahisha watoto. Katika hadithi, ni silaha ya siri iliyotengenezwa na jeshi la Japani siku za mwisho za vita. Majaribio 27 yalishindikana, la 28 likafaulu, lakini vita vikawa vimekwisha. Mmoja wa wanasayansi walioliunda ni Daktari Kaneda. Jitu likaangukia mikononi mwa mwanawe, Shotaro, mvulana wa miaka kumi hivi. Linaruka angani, linavunja kuta, risasi kwake ni kama mvua kwenye bati.

Yokoyama alisimulia kwamba mambo matatu yaliyoungana kichwani mwake ndiyo yaliyozaa jitu hilo. La kwanza ni zile B-29. La pili ni kombora la Wajerumani, V-2, ambalo alisikia habari zake akiwa mtoto, akafikiri kwamba pengine silaha kama hiyo ingeweza kugeuza mambo. La tatu ni filamu ya Frankenstein, ile ya mtaalamu anayeunda kiumbe kisha kiumbe kinamshinda. Mwenye kutazama atadhani kiumbe kile ni kiovu. Yokoyama aliona si kiovu wala si chema, hakijui tu.

Na Tetsujin vilevile halijui. Halina akili yake. Linaendeshwa kwa rimoti, kisanduku chenye vijiti viwili na erio. Anayeishika rimoti ndiye bwana. Ikiwa ni Shotaro, jitu linawaokoa watu. Mhalifu akimpokonya Shotaro, dakika hiyo hiyo jitu lile lile linageuka kuwabomolea watu nyumba, tena kwa bidii ile ile. Nusu ya hadithi ni kukimbizana na rimoti!

Wenzangu wa mjini wanaweza kuona jambo hili ni la kubuni. Mimi nalijua. Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na punda wa maji aliyekuwa akitoka mto Tiva na mitungi minne kila alfajiri. Usiku mmoja akaibwa. Tulimtafuta majuma mawili. Tulipomwona, alikuwa akipanda kilima cha kijiji kingine na mitungi ya mwizi mgongoni, masikio yamesimama, anatembea mwendo wake ule ule wa kwetu. Hakugoma. Hakuwa hata amekonda! Nililia njia nzima, si kwa furaha ya kumpata. Niliona uchungu kwamba miaka yote ile nilidhani ananijua mimi, kumbe aliijua kamba. Niliposoma habari za Shotaro akilitazama jitu lake likija kumshambulia, nilifunga kitabu kidogo nikapumua.

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka 1963 Tetsujin 28 ikaingia runingani kama katuni ya kutembea, nyeusi na nyeupe, na mwaka 1966 Wamarekani wakaionyesha kwao kwa jina la Gigantor. Hebu fikiria: watoto wa watu waliorusha zile B-29 wakakaa sebuleni kushangilia jitu lililozaliwa katika jivu lake. Sijui kama kuna aliyewaambia.

Alikuwa mtu wa kazi hasa. Alichora hadithi za majasusi wa kale wanaoitwa ninja. Mwaka 1966 alianza hadithi ya Sally, msichana mchawi mwenye moyo mwema, nayo ikawa katuni ya runinga iliyofungulia njia hadithi nyingi za wasichana wenye uwezo wa ajabu. Kazi yake ndefu kuliko zote ni ile ya vita vya falme tatu za China, juzuu 60, aliyoianza mwaka 1971 na kuifanya kwa takriban miaka 15. Juzuu 60! Sisi hapa tukipewa insha ya kurasa mbili tunaumwa na tumbo.

Mwaka 1967 alirudia jambo la jitu la chuma kwa namna nyingine. Hilo aliliita Giant Robo, na mvulana wake, Daisaku, analiamuru kwa kuongea na saa ya mkononi. Filamu ya runinga iliyotokana nayo ilitoka mwaka huo huo. Katika sehemu ya mwisho mvulana yumo hatarini na dunia pia. Anaita roboti lirudi. Halirudi. Kwa mara ya kwanza linakataa amri, linamkumbatia adui na kupaa naye hadi angani, huko linateketea naye. Mimi kwa hakika ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na punda wetu anisamehe.

Waliofuata nyuma yake waliyachukua mawazo yake wakayasukuma mbele. Mwaka 1972 Go Nagai akamwondoa mtoto chini na kumweka ndani ya kichwa cha roboti, katika Mazinger Z. Hapo ndipo mtoto akawa rubani. Miaka saba baadaye akaja Amuro wa Gundam, na mwaka 1995 Shinji wa Evangelion, mwenye miaka 14, asiyetaka kabisa kuliendesha lile jitu na analazimishwa na babake. Ukitazama vizuri utaona mchezo ni ule ule wa Yokoyama. Mashine imeundwa na baba au babu, mara nyingi kwa vita vyao wenyewe. Mtoto hakuulizwa. Yeye anakabidhiwa tu. Baadhi ya wenzangu hudai katuni hizi ni za kupoteza wakati kabla ya mtihani, nami siwabishii sana kuhusu mtihani. Lakini nashuku kwamba aliyechora Shotaro alikuwa anamkumbuka mvulana wa miaka kumi na moja aliyesimama Kobe, mbele yake pamebaki kile walichomwachia wakubwa.

Tarehe 17 Januari 1995 Kobe ilipigwa na tetemeko la ardhi. Waliokufa ni zaidi ya 6,400, na mtaa wa Nagata uliwaka moto vibaya sana. Yokoyama alikuwa hai, anaishi Tokyo. Mji wake ukateketea mara ya pili machoni pake.

Naye mwenyewe, kwa ajabu na uchungu, aliondoka kwa moto. Nyumba yake ya Tokyo iliungua, akapelekwa hospitali na majeraha, akafariki tarehe 15 Aprili 2004. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Watu wa Nagata walikuwa wanatafuta jambo la kuufufua mtaa wao. Hawakuchagua mfalme wala jemadari. Mwaka 2009 walisimamisha katika bustani yao sanamu ya Tetsujin 28, ya chuma kweli, uzito wake kama tani 50. Miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa kidogo, ngumi moja imeelekezwa juu. Likinyooka lingekuwa mita 18, mbuyu mkubwa wa Kibwezi. Watoto wanacheza katikati ya miguu yake.

Binamu alinichapishia picha ya sanamu hiyo, nami nimeibandika ndani ya sanduku langu bwenini. Kabla sijaja nayo shuleni nilimwonyesha susu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa, halafu akaniuliza ni nani anayelishikia kamba. Nikamjibu kwamba hili halina kamba wala rimoti, limejengwa lisimame tu pale. Akanirudishia picha, akaenda kumnywesha punda.