Mtunzi wa wimbo wa Septemba

Lugha yetu haina neno linalotosha kuyataja majira ambayo nchi za kaskazini huyaona kuanzia Septemba hadi Novemba, majani yanapogeuka rangi na kupukutika, na jua likawa linatua mapema zaidi kila jioni. Baadhi ya makamusi huyaita vuli. Lakini vuli yetu ni mvua, ni jembe na mbegu kuota, huzuni haimo. Nadhani ndiyo sababu nilichelewa mno kuuelewa wimbo ambao ami yangu, mwalimu mstaafu, aliupenda kuliko zote katika kaseti zake, naye aliusikiliza kila baada ya chajio, macho ameyafumba.

Kaseti yenyewe ilikuwa Stardust, ya Willie Nelson, iliyotolewa mwaka 1978, na wimbo ni September Song. Kwa kuwa mwimbaji alikuwa mtu wa Texas, niliamini kwamba ule ulikuwa wimbo wa wachunga ng'ombe. Ami hakunisahihisha. Kumbe aliyeyatunga mahadhi yale hakuwa mchunga ng'ombe wala hakuzaliwa Marekani. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mkimbizi, jina lake Kurt Weill. Ninakisimulia kisa chake kwa sababu wapo wahakiki waliomshitaki kwa kosa ambalo mimi, kila nikilitafuta, silioni.

Weill alizaliwa katika mji wa Dessau tarehe 2 Machi 1900. Babake alikuwa kiongozi wa nyimbo za ibada katika sinagogi la mji huo. Kijana alikwenda Berlin, akasomea utunzi kwa Ferruccio Busoni, bingwa wa Kiitalia aliyefundisha huko, na mwaka 1926 akamwoa Lotte Lenya, mwigizaji mzaliwa wa Vienna. Tarehe 31 Agosti 1928, yeye na mshairi Bertolt Brecht waliwatolea watu wa Berlin Die Dreigroschenoper, tamthilia ya nyimbo kuhusu wezi na ombaomba wa London. Mji mzima ukaanza kuziimba. Msomaji ambaye hajapata kuusikia mchezo huo huenda amemsikia Louis Armstrong akiimba Mack the Knife. Basi wimbo huo ulitoka humo.

Jambo moja la mchezo ule naomba lishikwe, maana nitalirejea. Weill hakuuandikia waimbaji wa opera wenye vifua vipana. Aliuandikia waigizaji, watu ambao sauti zao zilikuwa za kawaida, nyingine za kukwaruza. Lenya mwenyewe hakujua kusoma nota.

Januari 1933 Hitler alishika hatamu za serikali. Mwezi uliofuata mchezo mpya wa Weill, Der Silbersee, ulifunguliwa katika miji mitatu kwa siku moja, na haukuchukua muda ukapigwa marufuku. Machi yeye mwenyewe alivuka mpaka akaingia Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 33, na katika taifa lake nyimbo zake zilikuwa zimegeuka kuwa hatia. Mwaka 1938 Wanazi walifanya maonyesho huko Düsseldorf ya kuudhihaki muziki walioudai kuwa umeoza, na wake ulikuwamo.

Wakati huo alikuwa amekwisha vuka bahari. Alifika New York Septemba 1935, na hapo ndipo mashitaka yanapoanzia. Weill alijiunga na Broadway, mtaa wa majumba ya michezo ambamo tamthilia isiyouza tiketi hufungwa mara moja. Aliandika kwa Kiingereza pamoja na Wamarekani, kwa ajili ya Wamarekani. Mwaka 1947 aliliandikia gazeti la Life kulalamika kwa kuitwa mtunzi wa Kijerumani. Waliompenda enzi ya Berlin walisema kwamba nyuki amepoteza mwiba wake. Theodor Adorno, mwanafalsafa aliyekuwa amemsifu zamani, aliandika taazia yake bila huruma. Wengine wakadai walikuwapo akina Weill wawili, mmoja msanii, mwingine mfanyabiashara.

Nautazama wimbo wa ami yangu, nauliza: mfanyabiashara yuko wapi humu?

Wimbo huu ulitungwa mwaka 1938, mwaka ule ule wa maonyesho ya Düsseldorf, kwa ajili ya tamthilia iitwayo Knickerbocker Holiday. Maneno yaliandikwa na Maxwell Anderson. Mchezo unahusu mji wa Waholanzi uliokuja kuitwa New York, na gavana wake wa karne ya 17, Peter Stuyvesant, mzee mwenye mguu wa mti na mkono wa chuma. Mzee huyo anataka kumwoa binti ambaye moyo wake uko kwa kijana mwingine. Nafasi ya gavana alipewa Walter Huston, mwigizaji hodari mwenye umri wa miaka 55, ambaye alikiri waziwazi kwamba sauti yake haikuwa ya kuimba.

Mtunzi mwingine angetafuta mtu mwingine. Weill alitafuta mahadhi ambayo Huston angeyaweza, ya polepole, nusu kuimba na nusu kunena, mzee akapata nafasi ya kuvuta pumzi kati ya fungu na fungu. Sauti za chini zinayumba kati ya uchangamfu na simanzi bila kutulia popote. Maneno nayo yanahesabu miezi kama mtu anayehesabu fedha zinazokaribia kwisha: mwaka ulianza na wingi, sasa imebaki michache, ambayo angependa kuitumia na ampendaye. Kulia hakuna. Mtu anapiga hesabu tu. Watazamaji walioingia wakimchukia dhalimu walijikuta wanamhurumia.

Ustadi huo ni ule ule wa Berlin, wa kumpa mtu asiye mwimbaji wimbo ambao mwimbaji stadi angeuharibu kwa mbwembwe. Aliyebadilika ni msikilizaji. Mkimbizi anayejifunza lugha ya wenyeji na kuwafikia nyoyoni hajasaliti chochote, na sidhani wanaomlaumu wangelichagua njaa badala ya Broadway.

Isitoshe, kama mwiba ulikuwa umemtoka, kazi ya mwisho aliyoitoa haielezeki. Tarehe 30 Oktoba 1949, yeye na Anderson walifungua Lost in the Stars, iliyotokana na riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Mchungaji Kumalo, Mwafrika anayemtafuta mwanawe Johannesburg, aliigizwa na Todd Duncan, Mmarekani mweusi, katika jukwaa la Broadway. Chama cha ubaguzi kilikuwa kimetwaa serikali ya Afrika Kusini mwaka mmoja tu uliotangulia. Huko si kukimbilia faida.

Wakaanza kazi nyingine, juu ya riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn. Haikumalizika. Moyo wa Weill ulikuwa mgonjwa, na tarehe 3 Aprili 1950 alifariki mjini New York, mwezi mmoja na siku moja baada ya kutimiza miaka 50. Mtu aliyewatungia wazee wimbo wao hakuufikia uzee. Walter Huston alimfuata baada ya siku nne.

Mwaka huo huo ilitoka filamu iitwayo September Affair. Wapenzi wawili wameketi mkahawani mjini Naples, santuri inawekwa, na sauti ya Huston inaanza, ya kukwaruza, isiyo na haraka. Wimbo ukavuma upya, wote wawili wakiwa wamekwisha zikwa.